Wangari Maathai Kabla ya Miti

Mwaka jana nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha nne katika shule moja ya upili iliyoko kati ya Nyeri na Karatina. Nilikwenda kuzungumzia lugha, maana hiyo ndiyo taaluma yangu, lakini kabla ya kuingia katika mada nilitaka kuwachangamsha kwa swali jepesi. Niliwauliza marehemu Profesa Wangari Maathai, binti wa kaunti yao, alikuwa akifundisha somo gani chuo kikuu kabla jina lake halijavuma duniani. Mikono iliinuliwa upesi. Mmoja alisema misitu, wa pili akasema mazingira, na wa tatu, baada ya kufikiri sana, akasema siasa. Mwalimu wao, aliyekuwa ameketi nyuma ya darasa, alikiri kwangu baadaye tulipokuwa tukinywa chai kwamba hata yeye angejibu misitu.

Jibu ni anatomia ya mifugo. Alikuwa akiwafundisha vijana waliotaka kuwa madaktari wa ng'ombe na mbuzi jinsi mwili unavyoumbika tangu yai hadi mnyama kamili, na jinsi nyama na tezi zinavyoonekana chini ya hadubini. Aliifanya kazi hiyo kwa muda wa miaka kumi na sita hivi, na kwa hakika hakunuia kuachana nayo kwa namna alivyoachanishwa nayo. Makala haya yanahusu miaka hiyo, pamoja na jambo moja lililotukia mjini Nyeri mwaka 2004 ambalo wengi wa wanaomsifu hawapendi kulitaja. Mimi nalitaja kwa sababu naamini ukiisahau maabara yake hutaweza kulipima jambo hilo kwa haki.

Wangari Muta alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Tetu, kwenye miteremko ya milima ya Nyandarua. Baba yake, Muta Njugi, alikuwa akifanya kazi katika shamba la mlowezi upande wa Nakuru, na familia ikaishi huko hadi mwaka 1947, mama yake, Wanjiru Kibicho, alipowarudisha watoto Ihithe ili wavulana wapate shule. Wasichana hawakuwa katika hesabu. Kaka yake Nderitu ndiye aliyeuliza nyumbani kwa nini Wangari naye asiende shule, na mama, ambaye mwenyewe hakuwahi kukanyaga darasani, akaona kuwa hapakuwa na sababu ya kumzuia.

Katika kumbukumbu zake za utotoni kuna kijito kilichobubujika karibu na mti mkubwa wa mugumo, mahali alipotumwa kuchota maji na kuokota kuni. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mti ule, kwa kuwa mugumo ni mti wa Mungu. Ndani ya maji, kati ya majani ya nduma, alikuta vitu vingi mithili ya shanga, akajaribu kuviinua ili avivae shingoni. Kila alipovishika vilimponyoka na kupasuka. Baada ya siku chache shanga zilitoweka na mahali pake pakajaa vijidudu vyeusi vyenye mikia vikiogelea. Hakujua kwamba alikuwa ametazama mayai ya vyura yakigeuka viluwiluwi. Nimesoma wasifu wa wanasayansi kadha wa kadha, na sikumbuki mwingine ambaye somo lake la kwanza la elimu ya viinitete lilikuwa zuri kama hili.

Kutoka shule ya msingi ya Ihithe alipelekwa mwaka 1951 katika shule ya bweni ya Mtakatifu Cecilia, katika misheni ya Kikatoliki ya Mathari, Nyeri, iliyoendeshwa na watawa wa Consolata. Vita vya Mau Mau vilimkuta humo. Mwaka 1956 alifaulu vizuri akaenda shule ya wasichana ya Loreto, Limuru, ambako mtawa mmoja aliyefundisha sayansi alimzoesha maabara kwa kumpa vyombo vya kuosha. Mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa vijana takriban mia tatu wa Kenya waliosafirishwa kwenda Marekani kwa mpango ulioasisiwa na Tom Mboya na kusaidiwa na wakfu wa familia ya Kennedy. Alisoma biolojia katika chuo cha Mount St. Scholastica, mjini Atchison, Kansas, akamaliza mwaka 1964, kisha akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh kwa utafiti juu ya tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo wa ndege aina ya kware. Huko, kama kawaida ya vijana wengi wa misheni, aliitwa Mary Josephine. Aliporudi Kenya mwanzoni mwa mwaka 1966 aliyatua majina hayo ya kizungu na kujiita Wangari Muta, jina alilopewa na wazazi wake.

Alirudi akiwa na barua mkononi. Profesa mmoja wa zuolojia katika chuo cha Nairobi alikuwa amemwandikia kumpa kazi ya msaidizi wa utafiti. Alipojitokeza siku aliyoagizwa, aliambiwa kazi imekwisha kupewa mtu mwingine, naye mtu huyo alikuwa wa kabila la profesa. Vijana wetu wanaotembea leo na vyeti vyao ndani ya bahasha za kaki wasidhani kwamba mambo hayo yalianza juzi. Aliyemwokoa ni Mjerumani, Profesa Reinhold Hofmann wa Chuo Kikuu cha Giessen, aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo mjini Nairobi na kutafuta mtu anayeweza kukata nyama nyembamba kama karatasi, kuitia rangi na kuisoma kwenye hadubini. Pittsburgh ilikuwa imemfundisha kazi hiyo hasa.

Hofmann alimhimiza aendelee na masomo. Mwaka 1967 alikwenda Ujerumani, akafanya utafiti Giessen na Munich, akarudi 1969 na kuolewa mwaka uo huo na Mwangi Mathai. Mwaka 1971, akiwa na mtoto mdogo nyumbani, Chuo Kikuu cha Nairobi kilimtunukia shahada ya udaktari wa falsafa, na akawa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kuipata. Tasnifu yake ilihusu jinsi korodani na ovari za ng'ombe zinavyoanza kuumbika na kutofautiana ndani ya kiinitete. Wanaopenda kumchora kama mama wa kijijini aliyeongozwa na hekima ya mababu peke yake hawana budi kuukumbuka utafiti huo. Ni kazi ya miezi na miezi ya kutazama vipande vyembamba vya nyama, kimoja baada ya kingine, na kutoandika chochote ambacho jicho halijakiona.

Ndipo tunapofika kwa kupe. Baada ya kupata udaktari, alianza utafiti juu ya maisha ya kimelea kinacholeta ndigana kali, ugonjwa ambao katika Kiingereza unaitwa homa ya pwani ya mashariki. Jina hilo la Kiingereza lina kisa chake, na mniruhusu nikieleze kwa ufupi, maana majina ndiyo chakula changu. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, wakulima wa kusini mwa Afrika waliona ng'ombe wao wakifa kwa wingi kwa maradhi wasiyoyajua, na ikadhihirika kuwa yaliletwa na ng'ombe waliosafirishwa kwa meli kutoka mwambao wetu wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo wakaubandika ugonjwa jina la kwetu. Mtaalamu Robert Koch aliitwa kuuchunguza mwaka 1903, na Arnold Theiler, daktari wa mifugo wa Afrika Kusini, ndiye ambaye jina lake limebaki katika jina la kisayansi la kimelea chenyewe, Theileria parva.

Kimelea hiki hubebwa na kupe wa rangi ya kahawia anayependa kung'ang'ania masikio ya ng'ombe. Kupe anaponyonya damu, vimelea huingia mwilini pamoja na mate yake. Mfugaji wa Othaya au Kerugoya anaijua dalili ya kwanza: tezi zilizo chini ya sikio huvimba. Kisha homa, kukohoa, povu puani, na ng'ombe anakufa kama vile amezama majini, kwa sababu mapafu yamejaa maji. Ng'ombe wa kienyeji wenye nundu, waliozaliwa palipo na kupe na kuambukizwa wakiwa ndama, aghalabu huumwa kidogo, wakapona na kubaki na kinga. Ng'ombe wa gredi, ambao baada ya uhuru ndio waliokuwa tumaini la kila nyumba katika miji na vijiji vya Mlima Kenya, hufa. Familia iliyokopa fedha kununua ng'ombe mmoja wa maziwa iliweza kumpoteza katika muda wa wiki tatu, na karo ya shule ikaenda naye kaburini.

Neno kinga lina uzuri wake katika Kiswahili. Twakinga maji ya mvua kwa mtungi, na twakinga uso kwa kiganja jua linapochoma. Kitenzi kimoja kinabeba kupokea na kuzuia. Wataalamu wa tiba hawangeweza kuchagua neno bora zaidi, kwa sababu hivyo ndivyo mwili unavyofanya. Chembechembe nyeupe za damu huupokea ugonjwa kwanza, huutambua, huukariri, kisha huuzuia usirudi. Mtu aliyeugua surua utotoni haugui tena, maana chembe zake zinamkumbuka adui. Chanjo ni namna ya kumwonyesha mwili picha ya adui kabla adui hajafika.

Ujanja wa Theileria ni kwamba haiwakimbii walinzi hao. Huingia ndani yao. Kimelea hukaa katika chembe nyeupe ileile iliyopasa kukiua, kisha huilazimisha ijigawe bila kikomo, nacho kikigawanyika pamoja nayo, mithili ya saratani. Tezi zinazovimba chini ya sikio la ng'ombe ni kambi za askari waliotekwa. Wanasayansi wa Muguga, nje ya Nairobi, walipata katika miaka ya 1970 njia ya kumkinga ng'ombe kwa kumdunga vimelea hai na dawa kwa wakati mmoja, ili augue kidogo na mwili ujifunze. Watafiti wa baadaye walionyesha kwamba ng'ombe aliyepona huwa na chembe nyeupe za aina nyingine, zenye kazi ya kuwatafuta wenzao waliotekwa na kuwaua.

Sisemi kwamba Wangari ndiye aliyegundua hayo. Utafiti wake ulikuwa juu ya safari ya kimelea ndani ya kupe na ng'ombe, naye hakuufikisha mbali. Lakini alikuwa katika uwanja huo, na alielewa kwa undani ugonjwa unaofanya makao ndani ya kinga yenyewe. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa kuwa tutalirudia.

Ili kupata kupe ilimbidi aende mashambani, viungani mwa Nairobi, akawang'oe katika masikio ya ng'ombe. Huko ndiko alikoanza kuona mambo ambayo hayakuwa katika mpango wa utafiti. Ng'ombe walikuwa wamekonda hata mbavu zikahesabika. Majani yalikuwa haba. Mvua iliponyesha, maji yaliteremka kilimani yakiwa mekundu kwa udongo. Alipokwenda nyumbani Nyeri alikuta hali ni ileile: mito iliyokuwa ikishuka kutoka Nyandarua ikiwa safi sasa ilikuwa na rangi ya matope, misitu ya asili ilikuwa imefyekwa ili kupandwa miti ya biashara, na mashamba ya chakula yamekuwa ya majani chai na kahawa. Mugumo wa utotoni mwake ulikuwa umekatwa na mwenye shamba mpya, naye alipanda chai mahali pake. Kijito kilikuwa kimekauka. Viluwiluwi havikuwapo tena.

Wakati huohuo, katika mikutano ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, alisikia matokeo ya utafiti ulioonyesha kuwa watoto wa Mkoa wa Kati walikuwa wakiugua maradhi yanayotokana na utapiamlo. Habari hiyo ilimshtua, maana eneo hilo lilihesabiwa kuwa miongoni mwa yale yenye rutuba nyingi zaidi nchini. Akina mama walimweleza sababu. Ardhi ilikuwa ya mazao ya kuuza, kuni zilikuwa haba, na chakula kinachohitaji moto wa muda mrefu, kama vile maharagwe, githeri na nduma, kiliachiwa nafasi na mkate mweupe na chai.

Mwanasiasa angesikia hapo habari ya umaskini. Mtu aliyesomea mwili husikia jambo la zaidi. Mtoto asiyekula vyema hupungua uzito kwa nje, na kwa ndani tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, ambamo baadhi ya chembechembe nyeupe hukomaa, husinyaa. Surua ambayo mtoto aliyeshiba huishinda kitandani humuua huyu. Kinga hujengwa kwa maharagwe, na maharagwe hayaivi pasipo kuni. Wangari alianza kwa kutafuta dawa ya maradhi ya ng'ombe, akaishia kuona kwamba ng'ombe, mtoto na mlima vimepungukiwa kwa pamoja. Tarehe 5 Juni 1977 alipanda miche saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi, na mwaka huohuo aliteuliwa kuwa profesa mshiriki. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amefanywa mkuu wa idara yake, mwanamke wa kwanza katika chuo kile kushika cheo cha aina hiyo.

Wasomi wenzangu wakisimulia habari zake hupenda kurukia hapo hadi Uhuru Park. Mimi nataka kubaki kidogo chuoni. Yeye na mwanamke mwenzake mhadhiri waligundua kwamba wanawake walioajiriwa kwa shahada zilezile na kazi ileile hawakupata nyumba, bima ya matibabu na malipo ya uzeeni sawa na wanaume. Walielezwa kwamba mwanamke aliyeolewa ana mume wa kumpa nyumba. Waligoma kuikubali hoja hiyo, wakadai, wakachekwa, na baada ya muda mambo mengi waliyoyadai yalikubaliwa. Wahadhiri wa kike wanaofundisha leo na kupokea marupurupu yao mwisho wa mwezi wananufaika na ugomvi ule, na wengi hawajui ulianzwa na nani.

Ndoa yake ilivunjika, na talaka ikatolewa mwaka 1979 baada ya kesi iliyoandikwa magazetini pasipo staha. Mume alitaka aache kutumia jina lake. Wangari aliongeza herufi moja, na Mathai ikawa Maathai. Kwa wasiojua lugha ya Kikuyu hilo ni jambo dogo. Katika lugha hiyo irabu ndefu na irabu fupi si kitu kimoja, na urefu wa irabu waweza kubadilisha neno. Kwa herufi moja ya a alijipatia jina ambalo lilikuwa lake na la mtu mwingine halikuwa. Mimi nafundisha fonolojia, na kila mwaka nautumia mfano huo darasani.

Mwaka 1982 kiti cha ubunge cha Nyeri kilikuwa wazi. Sheria ilimtaka ajiuzulu kazi kabla ya kugombea. Alijiuzulu. Wasimamizi wa uchaguzi wakasema hakuwa amejiandikisha kupiga kura ipasavyo, wakamwondoa. Aliporudi chuoni aombe kazi yake, aliambiwa nafasi imekwisha kupata mtu, wala hazikuwa zimepita siku nyingi. Aliamriwa kuihama nyumba ya chuo. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili, watoto watatu, na shahada ya udaktari ambayo hapakuwa na mahali pengine nchini pa kuitumia, kwa kuwa idara ya anatomia ya mifugo ilikuwa hiyo moja tu. Tangu siku ile hakurudi kwenye hadubini.

Mimi ni mhadhiri, na siwezi kuliandika hili kwa moyo baridi. Nchi ilimsomesha, ikamfikisha kileleni mwa elimu ambayo wachache walikuwa nayo, kisha ikamfungia mlango wa maabara kwa sababu ya karatasi moja ya kujiuzulu. Huenda mtu akasema kwamba hasara hiyo ndiyo iliyotuletea Green Belt Movement, miti zaidi ya milioni 30 iliyokuwa imepandwa kufikia mwaka 2004, Uhuru Park iliyookolewa mwaka 1989 na Karura iliyopiganiwa mwaka 1999. Ni kweli. Lakini sikubali kwamba taifa lilihitaji kumpoteza mtafiti ili limpate mpandaji wa miti. Alikuwa akizifanya kazi zote mbili tangu 1977.

Na sasa Nyeri, Agosti 2004. Wangari alikuwa mbunge wa Tetu tangu uchaguzi wa Desemba 2002, na naibu wa waziri wa mazingira. Kenya ilikuwa imegundua mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI mwaka 1984, na serikali ilikuwa imetangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa mwaka 1999. Mimi wakati huo nilikuwa kijana niliyetoka kumaliza shahada ya kwanza, na nakumbuka Jumamosi za miezi ile zilivyokuwa za mazishi. Dawa za kurefusha maisha zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kuwafikia wachache. Katika warsha iliyofanyika mjini Nyeri, Wangari aliripotiwa na gazeti moja la Nairobi kuwa amesema virusi vya UKIMWI vilitengenezwa na wanasayansi kwa ajili ya vita vya kibiolojia.

Maneno hayo yalipita kimya kwa wiki kadhaa. Tarehe 8 Oktoba ikatangazwa kwamba ametunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika. Habari ilimkuta akiwa safarini kuelekea Nyeri, naye akaadhimisha kwa kupanda mti katika bustani ya hoteli ya Outspan, akiutazama Mlima Kenya. Siku iliyofuata waandishi wa dunia nzima walikuwa wakimwuliza habari za UKIMWI. Mwanzoni majibu yake hayakuwa wazi. Desemba, kabla ya kwenda Oslo kupokea tuzo, alitoa taarifa kwamba hasemi wala haamini kuwa virusi hivyo vilitengenezwa na wazungu ili kuwaangamiza Waafrika. Jambo likaishia hapo, na wasifu mwingi unaoandikwa siku hizi huliruka.

Ushahidi wa kisayansi ulikuwapo hata wakati ule. Mwaka 1998 wataalamu walikuwa wameeleza virusi vilivyopatikana katika damu iliyochukuliwa Kinshasa mwaka 1959. Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba chanzo chake ni virusi vya sokwe wa Afrika ya kati, na mwaka 2000 hesabu za mabadiliko ya virusi hivyo ziliurudisha mwanzo wake nyuma hadi miaka ya 1930 au kabla. Wakati huo hapakuwa na binadamu aliyejua kuunda virusi. Hata umbo la chembe za urithi lilikuwa bado kujulikana, kwani liligunduliwa mwaka 1953.

Kuna wanaomtetea kwa kusema kwamba shaka yake ilikuwa ya haki. Ni kweli kwamba huko Tuskegee, Marekani, madaktari wa serikali waliwaacha wanaume weusi wakiugua kaswende bila matibabu tangu 1932 hadi 1972 ili kuwatazama. Mwafrika mwenye shaka si mpumbavu. Lakini shaka ni mwanzo wa utafiti, na aliyejua hivyo kuliko sisi sote katika warsha ile ni yeye.

Kinachoniuma mimi ni kitu kingine. Msomaji akumbuke kimelea cha ng'ombe kinachoingia ndani ya walinzi wa mwili. Virusi vya UKIMWI hufanya vivyo hivyo kwa binadamu. Huingia katika chembe nyeupe zinazowaamuru walinzi wengine, hujizalisha humo, na kuziangamiza kidogo kidogo kwa miaka mingi, hata kifua kikuu ambacho mwili ungekizuia kikapata njia. Ndiyo sababu napendelea kirefu cha UKIMWI kinachosema upungufu wa kinga kuliko kile kinachosema ukosefu. Kinga haikosekani siku moja. Inapungua, na hapo katikati dawa hupata nafasi ya kufanya kazi. Ni Wakenya wangapi mwaka 2004 wangeweza kusimama mbele ya wakulima wa Tetu na kuwaeleza ugonjwa huo kwa mfano wa ng'ombe wa gredi, josho, na tezi iliyovimba chini ya sikio? Kila mama katika warsha ile angeelewa. Sidhani palikuwa na mwingine bungeni aliyeziona kwa macho yake, chini ya kioo, chembe za aina hiyo. Miaka ishirini na miwili nje ya maabara ilikuwa imepita, na siku ile aliyezungumza alikuwa mwanasiasa.

Baadhi ya wenzangu wataniona mkosefu wa adabu kwa kumsema marehemu hivi, tena katika gazeti linalosomwa na wanafunzi. Mimi naona mwanafunzi anayefundishwa kwamba shujaa hakukosea kamwe hafundishwi sayansi wala historia. Wangari mwenyewe aliirekebisha kauli ile kwa maandishi, na kuna wasomi wengi wenye vyeo vikubwa kuliko chake ambao hawajapata kurekebisha lolote.

Alifariki dunia tarehe 25 Septemba 2011 katika Hospitali ya Nairobi, akiwa na umri wa miaka 71. Ugonjwa uliomuua ulikuwa saratani ya ovari, kiungo kilekile ambacho alitumia miaka ya ujana wake, Giessen na Nairobi, kukifuata tangu kinapokuwa chembe chache ndani ya kiinitete cha ng'ombe. Alikuwa ameagiza asizikwe katika jeneza la mbao. Mwili uliwekwa katika jeneza lililosukwa kwa mianzi, mafunjo na magugu-maji, ukachomwa Nairobi tarehe 8 Oktoba, miaka saba kamili baada ya tangazo la Nobel. Majivu yake yalipelekwa Kabete, katika taasisi ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyopewa jina lake, karibu na mahali wanapofundishwa madaktari wa mifugo.